Uliza Tukujibu: Nyumba ya likizo Karibiani, kununua na kupangisha

Mwezi huu barua za nyumba zimekuwa nyingi kuliko za kitu kingine chochote, na karibu zote zinatoka kwa wenzetu walioko Marekani, Kanada na Ghuba wanaotaka kununua kinyumba kwenye visiwa vya Karibiani, wenyewe wakae wiki mbili tatu kwa mwaka na siku zilizobaki walale watalii. Nimechagua nne. Mi na mume wangu tuna nyumba ndogo St. Croix, kwenye Visiwa vya Virgin vya Marekani, tangu 2011, kwa hiyo mengi ya hapa chini yamenipitia mwenyewe.

SWALI: Shikamoo dada. Tunaishi Houston, mume wangu ana miaka 47 anaendesha lori, mi ni nesi. Tulienda Jamaika mara mbili tukapapenda sana. Sasa kuna dalali ametutumia nyumba ya vyumba vitatu upande wa Hanover, sio mbali na Negril, bei imeshuka sababu paa liliondoka na kimbunga Melissa, ukijumlisha na matengenezo inafika dola 350,000 hivi. Anasema tukiiweka Airbnb itajaa asilimia 80 na itajilipa yenyewe. Hati bado haipo ila familia ya muuzaji wako pale tangu enzi za babu yao na wana risiti zote za kodi ya ardhi. Tunafikiria kutoa hela ya kustaafu ya mume wangu halafu tukope 150,000 kwa dhamana ya nyumba yetu ya hapa. Anataka arbuni kabla ya mwisho wa mwezi. Tufanyeje? Mama Wawili, Houston

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa presha mnayopewa. Msitume arbuni, hata dola mia. Sasa ngoja nieleze kwa nini, maana naona mmeshaipenda hiyo nyumba na mtu akishapenda nyumba kumrudisha ni kazi.

Tuanze na hati. Jamaika mgeni anaruhusiwa kununua ardhi akaimiliki moja kwa moja kama mwenyeji, haombi leseni yoyote ya ugeni, tofauti kabisa na kwetu ambako Tanzania mgeni hapewi ardhi isipokuwa kwa mlango wa uwekezaji na Kenya katiba ya 2010 inamwishia kwenye lisi ya miaka 99. Kwa hiyo ugeni wenu sio tatizo. Tatizo ni kwamba kwa jinsi ulivyoeleza hiyo inaonekana ni ile wenyewe wanaita ardhi ya familia, na wewe unaijua hata kama hujawahi kuisikia kwa jina hilo, ni shamba la ukoo. Watu walipotoka utumwani mwaka 1838 wakajibana wakanunua vipande vyao, babu akafa hajaandika kitu, watoto wakajenga, wajukuu wakajenga, nusu wakahamia London na New York, na kila mmoja anajua ana chake pale hata kama hajakanyaga miaka thelathini. Huyo anayewauzia anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa na bado akawa hana uwezo wa kuuza peke yake. Risiti ya kodi inaonyesha nani kalipa kodi, haionyeshi mali ni ya nani. Sisi tuliolelewa kwenye kesi za mirathi tunajua hii kitu inaishaje, mtamaliza kuezeka paa na kupaka rangi ndo atokee shangazi kutoka Birmingham na wakili wake, na hatakuwa amekosea.

Ardhi iliyosajiliwa kule ina hati yenye namba ya Volume na namba ya Folio, inatunzwa na National Land Agency, na kuomba nakala ni kitu unafanya kwa mtandao ukiwa hapo hapo Houston. Kwenye ile nakala unaona jina la mwenye mali, kama kuna mkopo wa benki juu yake, kama kuna mtu ameweka zuio, na masharti ya kiwanja, na hayo masharti wengi huwa hawayasomi wakati ndo yanaweza kusema nyumba ni ya kuishi tu sio ya biashara. Halafu unamlipa sorvea, mpima ardhi, aende akakague alete ripoti ya kuthibitisha kwamba kiwanja kwenye karatasi ndo kile kile mnachoonyeshwa na ukuta wa jirani haujaingia ndani. Mwambieni dalali hivi, familia isajili kwanza, sisi tupo. Inachukua muda, saa nyingine mrefu sana, ila mkinunua baada ya hapo mmenunua kitu.

Na wakili awe wenu wenyewe, si wa muuzaji na si yule aliyeletwa na dalali. Arbuni inapita kwa mawakili mkataba ukishasainiwa, haiendi kwenye akaunti ya mtu binafsi. Wote wawili mtahitaji namba ya mlipakodi ya kule, wanaiita TRN, bila hiyo hamhamishiwi kitu. Kodi ya kuhamisha mali ilikuwa asilimia 5 wakaishusha ikawa 2 mwaka 2019 na inamhusu muuzaji, ushuru wa stempu ni dola 5,000 za Jamaika bila kujali bei, hela ndogo. Kwa hiyo akitokea mtu anawadai maelfu ya dola za Marekani eti ni stempu mjue hapo kuna kitu.

Sasa hiyo asilimia 80. Hai sizoni ya Karibiani ni katikati ya Desemba mpaka katikati ya Aprili, kule kwenye theluji wanakimbia baridi. Baada ya hapo kuna kiangazi cha wanafunzi kidogo, kisha Septemba na Oktoba ni kama Paje mwezi wa masika, unahesabu mbwa ufukweni. Nyumba mpya ambayo haina maoni ya wageni hata moja, eneo ambalo bado linajijenga baada ya kimbunga, mi ningeipigia asilimia 45 na ningeshukuru Mungu ikifika. Tufanye hesabu ya mfano. Usiku 164 kwa dola 200 ni 32,800. Msimamizi wa pale anachukua robo, 8,200. Makato ya mtandao tuseme asilimia 3, kama 984. Bima 4,500. Umeme na maji na intaneti 400 kwa mwezi, mwaka 4,800, na umeme wa Jamaika ni ghali usifikirie bei ya Texas, mgeni anawasha AC anafungua na mlango wa baraza asikilize bahari. Bustani na bwawa la kuogelea 4,200. Akiba ya matengenezo asilimia kumi ya mapato, 3,280, maana chumvi inakula kila kitu, bawaba, feni, friji, kitasa. Kodi ya ardhi na vidogo vidogo 600, hii ya ardhi kweli ni nafuu kule kwa sababu wanakadiria thamani ya kiwanja kitupu hawahesabu nyumba iliyo juu yake. Jumla ya matumizi 26,564. Mnabaki na 6,236. Riba tu ya ule mkopo wa 150,000 kwa asilimia 8 ni 12,000 kwa mwaka, bado hujagusa deni lenyewe. Hiyo nyumba haijilipi mdogo wangu, mnailipa nyinyi kutoka kwenye mshahara wa nesi na wa lori. Kama mko tayari kuilipia kwa sababu mnaipenda na watoto watafurahi, sawa, hiyo ni sababu nzuri tu, ila muingie mkijua hivyo.

Bima nayo naomba muisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo watu wameumia. Melissa iliingia Jamaika tarehe 28 Oktoba 2025 ikiwa daraja la 5, upande huo huo wa magharibi mnaotaka nyinyi. Mwaka uliotangulia, Julai 2024, Beryl ilipita karibu na pwani ya kusini. Wazee bado wanahesabu miaka kwa Gilbert ya 1988. Bima za visiwani zina kifungu kinaitwa kifungu cha wastani, na kinafanya hivi: kujenga upya nyumba yako ni 300,000 lakini wewe kupunguza malipo umekata bima ya 150,000, paa linaondoka, hasara 60,000. Unadhani utalipwa 60,000 kwa kuwa iko chini ya 150,000. Hapana, umekata bima nusu ya nyumba kwa hiyo unalipwa nusu ya hasara, 30,000, na hapo bado wanatoa sehemu yako ya kubeba kwenye majanga, ambayo mara nyingi ni asilimia 2 ya kiasi ulichokatia bima, 3,000. Unaondoka na 27,000 na nyumba iko wazi. Kiasi cha bima kiwe gharama ya kujenga leo, sio bei mliyonunulia, na baada ya kimbunga kikubwa gharama ya mafundi na mbao na mabati huwa inapanda, kila mtu anaezeka siku moja. Na kabla ya yote muulize kampuni ya bima kama watakubali nyumba ambayo paa lake limeshang'oka, watataka ripoti ya injinia. Nyumba isiyokatika bima msiiguse.

Hela ya kustaafu, hapana. Mume wako hajafika miaka 59 na nusu, akitoa kwenye 401(k), ule mfuko wa kustaafu wa kazini, anakatwa kodi ya mapato na juu yake faini ya asilimia 10, yaani nyumba imeanza na hasara kabla hamjanunua hata kufuli. Na kukopa kwa dhamana ya nyumba ya Houston maana yake kimbunga cha Jamaika kinaweza kuwatoa nyinyi na watoto kwenye nyumba ya Texas. Najua benki nyingi za Marekani hazikopeshi kununua nyumba nchi nyingine ndo maana watu wanapitia huko, ila mi siwezi kuwashauri.

Kodi ya Marekani kwa kifupi: nyinyi mapato yenu ya dunia nzima yanaripotiwa, pamoja na ya kupangisha huko. Kodi mliyolipa Jamaika inapunguzwa kwenye ya Marekani. Mkikaa wenyewe zaidi ya siku 14 au asilimia kumi ya siku zilizopangishwa, ile iliyo kubwa, hesabu ya matumizi mnayoweza kudai inabadilika kabisa. Na mkifungua akaunti za benki kule na jumla ikapita dola 10,000 hata siku moja kuna fomu ya kuripoti, adhabu yake ni kali. Mtafuteni mhasibu anayejua mambo ya nje, sio yule wa kona anayejaza fomu za mwaka.

Andikeni tena mkipata yenye hati. Tena kama ni Hanover hiyo hiyo nitafurahi sana, maana kule wanahitaji watu wanunue na wajenge vizuri.

SWALI: Habari dada. Nimesoma kwamba una nyumba St. Croix, na mimi pia, yangu iko nje kidogo ya Christiansted, mwenyewe naishi Maryland. Meneja wangu anachukua asilimia 30. Miezi minne hii ananiletea hela kidogo sana, anasema wageni hakuna. Halafu wageni wawili wameandika maoni mabaya eti maji yaliisha wakiwa wanaoga. Nimfukuze? Kijana wa Likoni

JIBU: Nzuri kaka, karibu jirani. Kabla ya kumfukuza toa bili za umeme za miezi hiyo minne uziweke mezani pembeni ya kalenda yake ya wageni. Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka wa tatu wa nyumba yetu msimamizi tuliyekuwa naye alinitumia kalenda, Februari nzima nyeupe, mtu hakuna, na mi nikamwonea huruma nikamwambia tutajitahidi. Bili ya Februari ilipokuja ilikuwa sawa na ya mwezi wa Krismasi nyumba ilipokuwa imejaa. Nyumba tupu haitumii umeme hivyo, friji na taa moja ya nje basi. Nikampigia mama wa jirani kumuuliza hali, sikumwambia kitu, akanisifia jinsi wageni wangu wa mwezi ule walivyokuwa wapole. Alikuwa anawapokea kwa simu yake, wanalipa kwake. Nililia siku ile, si kwa ajili ya hela, kwa sababu nilikuwa namtumia zawadi za shule za wanawe.

Sisemi wako anafanya hivyo. Kunaweza kweli kusiwe na wageni. Ila mita haisemi uongo, na ukishajua ukweli utaongea naye ukiwa umetulia. Siku hizi nina vitu vitatu sivunji: matangazo yote yapo kwenye akaunti yangu mimi na sio ya msimamizi, hela zinaingia kwangu halafu mimi ndo namlipa yeye, na kitasa cha mlango ni cha namba ambacho kila mgeni anapewa namba yake na mi naona mlango umefunguliwa saa ngapi. Asilimia 30 sio wizi kama anafanya usafi, anapokea wageni, anaita fundi usiku. Kama anafanya nusu ya hayo mjadiliane. Na soma mkataba wako unasemaje kuhusu kuvunja, mingi inataka notisi, na zile bukingi zilizokwisha kulipiwa zinabaki kwa nani.

Maji sasa, na hapa huenda kosa sio la meneja. Wasomaji wengine wajue kwamba kwenye Visiwa vya Virgin vya Marekani sheria inataka nyumba iwe na chanzo chake cha maji, na kwa kawaida ni birika chini ya nyumba la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa, na sio birika la chai, ni birika kama yale ya nyumba za zamani za Lamu ila kubwa kama chumba kizima. Wenyeji wamezoea, wanafunga bomba wakijisugua sabuni. Mgeni kutoka Ohio hajui. Piga hesabu, paa la mita za mraba 140 likinyeshewa milimita 25 linakuingizia lita 3,500 hivi, mvua nzuri hiyo ya asubuhi nzima. Wageni sita wakitumia lita 250 kila mmoja ni lita 1,500 kwa siku, siku mbili na kitu mvua yako imekwisha. Na ubaya wa kisiwa chetu ni kwamba miezi mikavu inaangukia kwenye hai sizoni hiyo hiyo, watu wengi maji kidogo. Kwa hiyo kuna boza. Weka kipimo kwenye birika kinachokutumia ujumbe kwenye simu likifika robo, uwe na namba za watu wawili wa maboza maana Februari mmoja atakwambia subiri siku nne, na gharama ya boza uiingize kwenye bei ya usiku. Badilisha vichwa vya shawa viwe vya kubana maji. Halafu andika karatasi nzuri yenye heshima ubandike bafuni, eleza kwamba maji haya ni ya mvua na yametoka kwenye paa lililo juu yao, watu wakielewa wanatunza, wengine wanafurahi kabisa wanapiga picha. Safisha mifereji ya paa na chujio na ile taa ya kuua vijidudu ibadilishwe kila mwaka, hapo usibane hela hata kidogo, mgeni akiumwa tumbo utajuta.

Angalia pia kama leseni yako ya biashara iko hai na ile kodi ya chumba ya asilimia 12.5 inalipwa na nani, wewe au yeye. Wengi wanadhani meneja analipa, meneja anadhani mwenye nyumba. Deni linakuja kwa jina lako.

Na kitu cha mwisho kwako, muulize meneja, huyu au ajaye, siku kimbunga kinakuja nani anafunga zile shata za madirisha na kwa saa ngapi. Irma ilipiga St. Thomas na St. John tarehe 6 Septemba 2017, wiki mbili baadaye Maria ikaja kwetu St. Croix usiku wa tarehe 19 kuamkia 20, na watu walikaa miezi bila umeme. Sisi tulipona paa kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuja kufunga madirisha siku mbili kabla, bila kuombwa, na huyo ndo msimamizi wetu mpaka leo. Hatozi asilimia ndogo. Simpunguzii.

SWALI: Dada salaam kutoka Dubai. Kuna kampuni inauza sehemu ya hoteli kwenye kisiwa cha Karibiani na unapata pasipoti ya nchi hiyo, na kila mwaka wanakupa gawio la kupangisha pamoja na wiki mbili za kukaa bure. Je ni kweli? Nina watoto watatu, pasipoti ndo ninayoitaka. Baba Nasra

JIBU: Wa alaykum salaam Baba Nasra. Mpango wenyewe ni wa kweli na ni wa serikali. St. Kitts na Nevis walianza 1984, wakafuata Dominica, Antigua na Barbuda, Grenada na St. Lucia. Mwaka 2024 nchi nne kati ya hizo zilisaini makubaliano kwamba kima cha chini kisipungue dola 200,000, kwa hiyo ukiona tangazo la dola 120,000 hapo Dubai, na yapo, usilipe, hilo punguzo linaweza kuja kukunyang'anya pasipoti baadaye.

Ila umeuliza vitu viwili kwa pamoja, pasipoti na nyumba, na mi nataka uvitenganishe. Unachonunua mara nyingi sio nyumba, ni hisa kwenye mradi ulioidhinishwa na serikali, huwezi kumpangisha mtu, huwezi kulala siku unayotaka, na ni lazima ukae nayo miaka kadhaa, kuanzia mitano na kuendelea, ndo uruhusiwe kuuza. Ukija kuuza, nani atanunua? Mtu kama wewe anayetaka pasipoti, na huyo kuna mradi mpya kando unamwita. Kwa hiyo hiyo hela uihesabu kama umelipia pasipoti, gawio likija ni heri. Uliza hoteli imeshajengwa au ni mchoro, na kama imejengwa ina wageni. Kuna miradi visiwani ina bango tu na nguzo zilizoota kutu miaka.

Pasipoti yenyewe nayo haisimami pale pale. Kanada iliwarudishia watu wa St. Kitts viza 2014 na wa Antigua 2017, Uingereza ikaweka viza kwa Dominica Julai 2023. Kama sababu kubwa ni watoto wasome Uingereza au Kanada, dola 200,000 zinalipa ada miaka mingi kwa viza ya mwanafunzi ya kawaida tu. Fikiria na mama yao kwanza.

SWALI: Dada naomba kuuliza kifupi tu. Nataka apatimenti Barbados, niko Toronto, nimeona moja iko ufukweni kabisa upande wa mashariki na nyingine ndani kidogo magharibi bei kubwa zaidi. Niende kuangalia mwezi gani, na nichague ipi? Bi. Mwanaidi

JIBU: Nenda Septemba, au mwanzo wa Oktoba, usiende Februari hata kama tiketi ni rahisi. Februari kila nyumba Barbados ni nzuri. Septemba utaona joto lenyewe, utaona kama kuna upepo unaingia au lazima AC mchana kutwa, utanusa unyevu kabatini, na ukibahatika mvua kubwa ikanyesha ukiwa humo ndani usitoke, zunguka uangalie dari na madirisha yanayotazama upepo.

Kuhusu mashariki, upepo wa kule unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, hawana kaskazi na kusi kama sisi za kupokezana, kwa hiyo upande huo bahari ni ya kupasuka na chumvi inarushwa ndani ya nyumba kila siku. Bei iko chini kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya mwani. Tangu 2011 kuna mwani wa kahawia unaoelea, sargasamu, unaletwa kwa wingi na mkondo wa bahari na kurundikana fukwe za upande wa upepo. Huu sio mwani wetu wa Jambiani ambao kina mama wanaupanda na kuuza, huu ukifika ufukweni unaoza, unanuka kama mayai viza, ile hewa yake inaharibu mpaka shaba za AC na televisheni, na wageni wanadai warudishiwe hela. Kuna miaka unakuja kidogo na miaka unafunika kila kitu. Kama unataka ya kupangisha, mi ningeongeza hela nikachukua ile ya magharibi hata kama unatembea dakika kumi kufika baharini. Mashariki ni kuzuri ajabu, nenda ukakae wiki, upige picha, urudi.

Na kwa kuwa ni apatimenti omba sheria za kamati ya wamiliki uzisome mwenyewe neno kwa neno kabla ya kitu kingine, kuna majengo hayaruhusu wageni wa siku chache. Omba na kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu iliyopita, humo utajua kama paa linavuja na nani hajalipa mchango wake. Hela yako ukiingiza Barbados ihakikishe inasajiliwa Benki Kuu yao, wakili afanye hilo siku ile ile na akupe karatasi, kwa sababu siku ukiuza ndo inayokuruhusu kuitoa tena nje. Dola yao ni mbili kwa moja ya Marekani tangu 1975 kwa hiyo hesabu zake rahisi, ila tangazo likiandika dola tu uliza ni zipi.